Seline na Jiwe la Biliadi

Ngiii.

Ndivyo lilivyolia jiwe siku lilipoingia Nyalenda, na ndivyo Seline anavyolisikia mpaka leo, hata pasipokuwa na mtu wa kuligonga. Haukuwa mlio mkubwa. Ulikuwa mlio wa kifundo cha kidole kugusa kitu kigumu kilichotulia, kisha kitu hicho kujibu kwa sauti ndefu kuliko mtu alivyotarajia, mfano wa kengele ya kanisa lililo ng'ambo ya maji. Ondiek, mumewe, alikuwa ameinamisha sikio. Aligonga mara moja tu, akangoja mlio uishe wote, ndipo akanyanyua kichwa.

"Ni zima," akasema.

Majirani waliokuwa wamejaa kwenye kichochoro hawakuelewa alichokuwa akikitafuta. Waliona bamba la jiwe jeusi, refu kama mtu aliyelala, pana kama kitanda cha mtu mmoja, unene wake vidole vitatu hivi. Weusi wake ulikuwa na buluu ndani, ile rangi ya ziwa mvua inapokaribia. Kila ncha ilikuwa imekatwa nusu duara, kana kwamba mtu ameing'ata. Mafundi huliita sleti. Ni jiwe la tabaka, lililojipanga ndani kama kurasa.

"Sasa hiyo ni meza ama ni mlango wa kaburi?" mama mmoja muuza sukuma wiki aliuliza.

"Ni zawadi ya mke wangu," Ondiek akajibu, na watu wakacheka mpaka mwenye mkokoteni naye akacheka.

Ondiek alikuwa mtunza chumba cha biliadi katika klabu moja ya zamani, ufukweni Kisumu. Alikifanyia kazi chumba hicho miaka ishirini na sita. Wachezaji waliona kitambaa cha kijani na miguu minene ya mbao, wakadhani meza ni mbao. Chini ya kitambaa kulikuwa na mabamba matano ya sleti, yameunganishwa kwa nta ya nyuki hata ukucha usipate pa kuingia. Mbao ingekunja uso kwa unyevu wa ziwa, ikavimba masika na kusinyaa kiangazi. Chuma kingeshika kutu. Sleti hainywi maji, haipindi, haibadiliki. Ukiilaza sawa leo, mwakani utaikuta vilevile, mradi tu sakafu iliyo chini yake isikusaliti.

Kwa hiyo kazi yote ya Ondiek ilikuwa kupigana na sakafu. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya klabu kufunguliwa, aliweka pima maji juu ya meza, akachungulia kile kiputo cha hewa, akapachika vipande vya karata chini ya mguu huu au ule. Mwisho kabisa aliweka mpira mmoja mweupe katikati ya meza na kusali Baba Yetu polepole. Mpira ukisogea kabla ya Amina, alianza upya. Ukitulia mpaka Amina, alipiga chaki fimbo zote na kufungua madirisha.

Kulikuwa na mhadhiri mmoja kutoka Maseno, mtu wa kusomesha habari za miamba, mchezaji mbovu ajabu, ambaye akishindwa alipenda kukaa na Ondiek kuzungumza. Huyo ndiye aliyemwambia asili ya sleti.

"Unajua hili lilikuwa nini, Bwana Ondiek? Tope. Tope laini la chini ya maji, kama hili hapa nje. Likazikwa, likalaliwa na uzito wa milima, likapikwa na joto la ardhi, kwa muda ambao hatuna hesabu yake. Kila chembe ndani yake ikageuka ikalala upande mmoja na mwenzake. Ndiyo maana linapasuka kwa tabaka. Ndiyo maana halina tamaa ya maji tena."

Usiku ule Ondiek alifika nyumbani akamweleza Seline maneno hayo neno kwa neno. Seline alikuwa anasinzia. Yeye aliamka alfajiri kukanda unga, akauza chapati kando ya njia tangu wafanyakazi wa vibarua wanapotoka hadi saa nne ya asubuhi, na mumewe alirudi kutoka klabu watoto wameshalala. Kwa miaka ishirini na sita waliishi chumba kimoja wakipishana mlangoni.

"Tope lililolala likatulia," Seline akasema, macho yamefumba. "Hata mimi ningependa."

Kisha ziwa likapanda. Ulikuwa mwaka ule wa 2020 ambao maji ya Victoria yalitoka kwenye mpaka wake yakaingia mashambani na majumbani, kutoka Budalang'i hadi Nyakach. Klabu nayo ilipata fungu lake. Chumba cha biliadi kilikaa na maji ya magotini kwa miezi. Miguu ya meza ilivimba ikaoza, kitambaa kiliota ukungu, fimbo zilipinda kama miwa. Maji yalipopungua, Ondiek aliingia na gambuti, akafuta tope kwa tambara juu ya sleti, na jiwe likatokea vilevile, jeusi na safi, kana kwamba lilikuwa limenawa uso tu.

Wenye klabu waliamua chumba kile kisirudi tena. Walimuuliza Ondiek angependa zawadi gani ya kuagwa, na nadhani walikuwa wameshawaza saa ya ukutani. Akaomba bamba la katikati, lile ambalo matundu ya mipira yameling'ata kila ncha.

Siku ya kulihamisha aliwakataza wabebaji kulilaza. Alilisimamisha kwenye mkokoteni kwa ubavu wake, akalikingia magunia kushoto na kulia, akalifunga kamba, naye akatembea kando yake, mkono mmoja juu ya jiwe, kutoka ufukweni hadi Nyalenda.

"Likisafiri, lisimame," alimwambia Seline walipofika. "Ukilibeba limelala, uzito wake wenyewe unalivunja mgongo. Lakini likifika pa kukaa, lilale lote. Lisibakishe hata kidole hewani."

Akalijengea kitako cha matofali na mchanga mbele ya chumba chao, chini ya bati, na hiyo ikawa meza ya chapati.

Basi ndipo ilipoanza ile miaka minne ambayo Seline, akiulizwa habari za maisha yake, huitaja kwanza, kabla ya ndoa na kabla ya watoto. Jiwe lilikuwa baridi hata mchana, na donge la unga halikushika. Mafuta hayakuingia ndani yake; ulifuta kwa kitambaa chenye maji moto, likabaki kama ulivyolikuta. Ondiek alisimama upande mmoja akisukuma, Seline upande wa pili akikunja na kugeuza. Mtu aliyekwisha kuwa na miaka sitini na mitatu, ambaye maisha yake yote alivaa kizibao cheusi na tai ndogo, sasa alikuwa na unga mpaka kwenye nyusi.

"Omera, leo umefunga magoli mangapi?" vijana wa bodaboda walimtania.

"Kumi na mbili," alijibu bila kuinua macho. "Na zote ni za duara. Za kwenu zile za hotelini ziko kama ramani ya Kenya."

Onyo lake lilikuwa moja tu. Alichora mstari wa chaki karibu na kona moja ya jiwe na kumwambia mkewe, "Jiko lisivuke hapa, Mama Akello. Jiwe hili haliogopi maji. Linaogopa moto wa upande mmoja. Kona ikipata joto na kwingine kukiwa baridi, halafu upitishe tambara bichi, kurasa zinafunguka ndani. Hutaona kitu. Utasikia tu siku ukigonga." Mstari ukifutika, aliuchora tena. Alipenda kuchora mistari.

Alifariki mwezi wa Juni, moyo, katikati ya wiki, kabla hajamaliza chai. Wakampeleka kwao Pap Onditi, Nyakach, akazikwa nyumbani kwake mwenyewe, na pembeni yake pakaachwa nafasi, kwa sababu mke naye ana siku yake. Mdogo wake Oyugi, ambaye ana duka la pembejeo sokoni na ni mzee wa kanisa, alisimamia kaburi. Likatiwa saruji, likapigwa vigae vyeupe. Lilipendeza.

Lakini udongo wa kule chini Nyakach ni ule mweusi. Kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono mpaka kiwiko. Masika hunywa maji ukavimba kama unga uliotiwa hamira. Nyumba zenyewe huinuka upande na kushuka upande. Seline alipokwenda Pasaka, mvua ilikuwa imenyesha wiki mbili. Saruji ilikuwa imekatika vipande vitatu. Upande wa kichwa ulikuwa umezama, upande wa miguu umeinuka, na kwenye bonde la katikati maji yalikuwa yamesimama. Kuku mmoja alikuwa amepanda pale anakunywa.

Seline alimfukuza kuku. Kisha akalia. Hakulia kwa sababu ya nyufa. Alilia kwa sababu ya ule mteremko. Mtu aliyetumia miaka ishirini na sita kuhakikisha mpira hausogei, yeye mwenyewe alikuwa amelazwa kichwa chini miguu juu.

Mwezi wa Mei Oyugi akaja Nyalenda. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akakataa chai mara moja, akakubali mara ya pili. Seline alikuwa peke yake kwenye jiwe, anasukuma na kugeuza, jiko likiwa karibu naye.

"Nyar Seme," Oyugi akaanza. Humwita hivyo, binti wa Seme, kwa heshima ya kule alikozaliwa. "Ibada ya mwaka mmoja ni tarehe saba mwezi wa sita. Kaburi la ndugu yangu umeliona."

"Nimeliona, shemeji."

"Saruji imetuaibisha. Nikiweka nyingine itapasuka tena. Kule kwetu ardhi haikai." Akanywa chai. Akaangalia jiwe, akaangalia mikono ya shemeji yake juu ya jiwe. "Hili halijawahi kupasuka, hata ziwani. Na ni lake. Watu wote wanajua ni lake. Lingekaa vizuri juu yake, na jina."

Seline alisukuma chapati ile mpaka ikawa nyembamba kupita kiasi, ikachanika katikati. Akaikusanya, akaanza upya.

Alijua kabisa anachoombwa. Chapati angeweza kuzisukuma kwenye ubao, kama wengine wote pale mtaani. Alichoombwa ni upande ule wa pili wa jiwe. Kila asubuhi kwa miezi kumi na moja alikuwa amesimama upande wake akimwachia Ondiek upande wa Ondiek, hata sinia hakuweka pale. Jiwe likiondoka, pale patakuwa kichochoro tu.

"Litalala sawa?" aliuliza mwishowe.

"Nini?"

"Jiwe. Mkiliweka, litalala sawa?"

Oyugi hakuwa mtu mbaya. Alifikiri kidogo kabla ya kujibu. "Tutajaribu, Nyar Seme."

"Basi chukueni. Lakini mimi niwepo, na hatutaondoka kaburini mpaka nione limelala sawa. Kama halitalala sawa, naomba shemeji, nirudi nalo."

"Hilo nimekubali," Oyugi akasema.

Asubuhi ya kuondoka Seline aliliosha jiwe kwa maji moto na sabuni, akalifuta, akaligonga kama Ondiek alivyomfundisha, kuanzia ncha moja, hatua kwa hatua. Ngiii. Ngiii. Ngiii. Alipofika kona ya jiko jiwe likasema, tup.

Akagonga tena. Tup. Sauti ya mtu anayejibu akiwa amefunika mdomo.

Alitafuta mstari wa chaki. Haukuwapo. Ulikuwa umefutika tangu mwaka jana, na hakukuwa na mtu wa kuuchora tena. Tangu abaki peke yake alikuwa amelivuta jiko karibu, siku hii kidogo, siku ile kidogo, maana mikono miwili haiwezi kusukuma hapa na kugeuza kule. Kisha tambara bichi, kila siku. Alisimama na kifundo cha kidole juu ya kona ile, akaona aibu kama mtu aliyefumaniwa. Oyugi alipofika na pikapu hakumwambia kitu.

Fundi aliyekuja naye aliitwa Shitanda, mtu wa Kakamega aliyehamia Nyalenda zamani, mzoefu wa vigae na wa yale mawe makubwa ya Maseno ambayo hupasuliwa kwa moto na nyundo. Alilizunguka jiwe akilitazama kwa mashaka.

"Mama, hili tunalilaza ama tunalisimamisha?"

"Lisimame," Seline akasema. "Kwa ubavu. Magunia huku na huku."

"Hapana," Oyugi akakata. Alisema kwa upole, lakini wazi. "Hili si dirisha. Hili ni jiwe la marehemu linakwenda kaburini. Ndugu yangu alitoka hapa Kisumu akiwa amelala. Jiwe lake litakwenda limelala. Watu watatuona njiani. Watasema tumelibeba kama mbao za dukani."

Wabebaji wakaitikia kwamba ni kweli. Mmoja alikuwa ameshavua kofia. Hapo kichochoroni, mbele ya majirani, Seline angempingaje mdogo wa mumewe juu ya heshima ya mumewe? Na kona ile ilikuwa imemfunga ulimi. Anayejua amekosea hapati nguvu za kukosoa.

Wakalilaza kwenye pikapu, juu ya matairi mawili ya zamani, wakalifunika leso. Seline akapanda nyuma akaketi kando yake, mkono wake juu ya jiwe. Mpaka Ahero barabara ilikuwa nzuri. Wakakata kuelekea Katito, mashimo yakaanza. Kwenye tuta moja ambalo dereva hakuliona, gari liliruka, na Seline akasikia kabla hajaona: mkwaruzo mkavu, mfupi, kama mtu amerarua kitabu.

Waliposimama kando ya barabara na kufunua leso, kona ilikuwa imetoka. Kipande cha ukubwa wa sinia kilikuwa kimelala peke yake. Pale kilipovunjika palionekana tabaka juu ya tabaka, nyembamba, za kijivu, mamia, kama chapati iliyokunjwa vizuri ikachanwa kwa mkono.

Oyugi alishika kichwa. "Yawa, nimelivunja jiwe la ndugu yangu. Nyar Seme, nimelivunja."

Alikuwa mtu mkubwa, mzee wa kanisa, na bado alikuwa ameshika kichwa mbele ya dereva. Seline angeweza kunyamaza. Ingekuwa rahisi, lawama ilikuwa imeshapata mwenyewe.

"Si wewe, shemeji," akasema. "Ni wewe na mimi. Mimi nililitia moto."

Akawaeleza yote pale kando ya barabara: mstari wa chaki, jiko, tambara, na ile sauti ya asubuhi. Shitanda alikiokota kipande, akakigeuza, akapita kidole kwenye tabaka.

"Lingetoka tu hata likisimama," akasema, akimwangalia Oyugi. "Labda si leo. Jiwe la Maseno ukiligonga linakurukia machoni. Hili linaweka moyoni."

Seline alishuka, akagonga sehemu iliyobaki, ncha hadi ncha, hapo hapo barabarani, magari yakipita. Ngiii, likasema, mpaka ukingo wa palipovunjika. Kwingine kote lilikuwa zima. Wakalisimamisha kwa ubavu, wakalikingia magunia. Oyugi ndiye aliyefunga kamba, na safari hii yeye naye akapanda nyuma. Shemeji wawili wakaingia Pap Onditi jiwe likiwa limesimama katikati yao, na watu wa sokoni wakaangalia, wakasema waliyosema.

Kaburi lilikuwa limeshaondolewa saruji. Shitanda alikuwa na mpango wake: nguzo nne fupi za zege, moja kila pembe, jiwe juu. "Kama meza, mama. Udongo uvimbe chini, meza itabaki juu."

"Likipewa miguu litavunjika mgongo," Seline akasema. Sasa ulimi ulikuwa umefunguka. "Nguzo moja ikizama, jiwe litabaki kwenye tatu. Chimbua udongo mweusi wote hapa juu, mpaka magotini, sanduku hatuligusi. Tia maramu, ule udongo mwekundu wa barabarani, shindilia. Juu tia mchanga, mchanga wa mtoni, usiwe na hata kokoto. Jiwe lilale lote. Ardhi ikitaka kucheza, icheze na mchanga."

"Nani alikufundisha ufundi, mama?"

"Nimesimama miaka minne mbele ya fundi."

Walifanya kazi siku mbili. Siku ya pili Shitanda alichonga jina. Aliambiwa asichimbe, apitishe patasi kama anayeandika. Herufi zikatoka za kijivu hafifu juu ya weusi, nyembamba, nzuri. Alipomaliza alipuliza vumbi na kusema hajawahi kuchonga jiwe linalomsikiliza hivyo.

Jioni kabla ya ibada wanaume saba walilibeba jiwe na kulishusha juu ya mchanga, ncha iliyovunjika ikielekea miguuni. Oyugi akaleta pima maji ya Shitanda, akaiweka, akatabasamu. Kiputo kilikuwa katikati.

Seline alifungua kibeti chake. Ndani ya leso ndogo mlikuwa na mpira mweupe wa biliadi, umegeuka rangi kidogo kama jino la mzee. Ondiek alikuja nao siku ile ya mkokoteni, mfukoni, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama alipewa.

Akaupangusa na kuuweka katikati ya jiwe, juu kidogo ya jina.

"Tusali Baba Yetu," akasema. "Polepole."

Wanaume wakavua kofia. Hawakufika mbali: mpira uliondoka mara moja, ukakimbilia kichwani, ukapita kwenye ile nusu duara, ukaangukia nyasi.

"Kiputo kilikuwa sawa," Shitanda akanong'ona.

"Kiputo ni cha wenye haraka," Seline akasema. "Inueni."

Wakainua. Akapiga magoti mwenyewe, akasawazisha mchanga kwa kipande cha ubao, akaongeza ngumi mbili upande wa kichwa, akapapasa kwa kiganja kizima kama anayetafuta joto kwenye paji la uso la mtoto. Wakashusha. Wakasali. Mpira ukakaa mpaka katikati ya sala, kisha ukarudi miguuni. Wakainua tena. Jua lilikuwa limeshaanza kushuka upande wa ziwa. Oyugi alikuwa na shati limelowa. Hakusema habari ya muda, wala ya wageni wa kesho, wala ya hema ambalo halijafungwa.

Mara ya tatu Seline aliondoa mchanga kiasi cha kijiko cha chai. Labda na pungufu. Jiwe likashuka, likatoa ile sauti nzito ya kitu kilichopata mahali. Akaweka mpira.

Wakasali. Mpira ulitulia. Walipita mkate wa kila siku, ukatulia. Walipita makosa na kusameheana, na sauti ya Oyugi ikakatika kidogo hapo, na mpira ukatulia. Walikuwa wamebakiza neno moja. Ndipo ukaanza kusogea, kwa uvivu, bila haraka yoyote, kama mtu anayegeuka usingizini. Haukuelekea kichwani wala miguuni. Ulielekea ubavuni, upande ule ambao nyasi zilikuwa hazijaguswa, mahali palipoachwa kwa ajili ya Seline. Ukafika ukingoni, na Seline akaukinga kwa kiganja.

Hakuna aliyesema Amina.

Shitanda akashika tena mtaimbo. "Kidogo sana, mama. Upande huu tu. Tunainua mara ya mwisho, linakuwa sawa kabisa."

"Inueni," Oyugi akasema, akikunja mikono ya shati. "Nilimwahidi. Mpaka liwe sawa."

Wanaume wakajipanga. Seline hakuondoka ukingoni. Alikuwa amepiga magoti upande wake, mpira ukiwa mkononi, kile kipande cha kona kikiwa kimefungwa ndani ya leso mgongoni mwake tayari kwa kurudi Nyalenda. Aligonga jiwe kwa kifundo cha kidole mara moja, akangoja mlio uishe wote.

"Liacheni," akasema, kwa sauti ndogo hata Oyugi ikambidi ainame. "Hata kitandani alikuwa analalia upande wangu."